Bomba Lisiishie Darini

Juzi binti mmoja wa Urambo, Neema, alinitumia picha kwenye simu. Amefungua chumba cha udobi karibu na stesheni, kuta zimepakwa rangi ya maziwa, mashine mbili za kufulia zimesimama wima, na ya tatu, ile ya kukaushia, inang'aa mpaka unamwona aliyepiga picha. Akaandika: "Shikamoo babu. Nimeambiwa wewe ndiye mwenyewe kwa mambo haya. Nimepanga vizuri?" Nikamwitikia marahaba, nikaikuza picha kwa vidole, nikalifuata bomba jeupe la plastiki linalotoka nyuma ya mashine. Lilipanda ukutani, likapinda, likapinda tena, likaingia kwenye tundu la dari. Nikamuuliza linatokea wapi. "Linaishia humo humo darini, babu. Fundi kasema hewa itajitafutia njia."

Nikampigia simu saa ileile. Nikamwambia azime mashine, afunge mtungi wa gesi, afungue madirisha yote, na amtoe mtoto wake aliyekuwa amelala chumba cha pili. Alifanya yote, lakini sauti ikawa ya kununa. Baadaye nikasikia kwa watu kwamba babu wa Tabora ana ukali usio na sababu. Ukali ninao, sikatai, hata marehemu mke wangu alikuwa akinishitaki kwa wajomba zake. Sababu nayo ninayo. Basi Neema, na ninyi wengine mnaofungua udobi siku hizi kila mtaa, kaeni niwasimulie. Nikipotelea pembeni mnivumilie, maana mambo ya mvuke hayaendi kwa mstari.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Mihayo, Mmoraviani mmoja mpole, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Alikuwa akifanya kazi huku anaimba kwa pua, hafungui kinywa, na mimi mpaka leo nikisikia mashine inazunguka taratibu naisikia na ile pua yake. Siku ya kwanza hakunipa sabuni wala pasi. Alichukua kijisufi cha vumbi la nguo kutoka kwenye chujio la mashine, laini, la kijivu, unaweza kumwekea mtoto mchanga chini ya kichwa akalala. Akakiweka juu ya bati, akawasha kiberiti. Kiliwaka mara moja kikaisha, sikuona hata jivu. "Hicho ndicho kinachosafiri ndani ya bomba," akaniambia. "Kila ukikausha, safisha chujio. Ukichoka, safisha. Ukiitwa kula, safisha kwanza." Hakunieleza zaidi.

Nilidhani moto ndio unaokausha nguo. Mzee Mihayo akanicheka. Akanipeleka nje kiangazi, wakati ule wa upepo mkavu wa kwetu, tukaanika shuka. Mnaujua upepo huo. Unaanika upande huu wa ua, ukifika upande wa pili zile za kwanza zimeshakuwa ngumu, zina harufu ya jua. Akaniuliza, "Hapa moto uko wapi?" Nikasema hakuna. "Basi. Moto unayaamsha maji tu. Anayeyachukua ni hewa inayoondoka. Isipoondoka, utapika nguo." Nikasimama katikati ya zile shuka, nyeupe mbele, nyeupe nyuma, zinajaa upepo na kutua, sioni ukuta wala lango. Nilikaa humo mpaka akaja kunitafuta. Ujana una mambo yake.

Miaka ikaenda. Nilipoondoka hospitali nikaajiriwa na Bi Sharifa, mwenye nyumba ya wageni upande wa kutokea Kwihara. Nyumba yenyewe ya babu wa babu yake, Mwarabu wa biashara, kuta nene za udongo na mawe, mlango wa nakshi, ua wa ndani. Zamani ua huo ulipokea misafara ya bara, wapagazi wakitua mizigo yao hapo kabla ya kuendelea Ujiji. Siku hizi hutua watu wa semina na vikoba vyao vya kompyuta. Lakini mchana, wageni wakiwa mjini, ua ule ulikuwa na ukimya wake. Nilikuwa nikipita na kapu la shuka naweka nyayo polepole bila kujua kwa nini.

Kuta hizo Bi Sharifa alizipenda kupita kiasi. Msumari mmoja usigonge bila ruhusa yake. Kulikuwa na usemi katika ukoo wao kwamba ukuta wa nyuma ukitobolewa baraka za nyumba zitatoka kwa tundu hilo. Alikuwa mwanamke wa shule na wa hesabu, lakini hilo alilishika. Kwa hiyo masika yalipozidi, shuka zikawa zinaning'inia barazani siku mbili na bado zinanuka uvundo, akaagiza mashine ya kukausha ya gesi, na akamwambia fundi aliyekuja nayo kutoka Dar asiguse ukuta. Fundi akaangalia juu. "Hakuna noma, mama. Tunapandisha tu, juu huko kuna nafasi kibao." Akaunga bomba la plastiki la kujikunja, lile linaloweza kuvutwa mbele na nyuma, akalitumbukiza darini. Nikamuuliza linatokea wapi. Akajibu kama yule fundi wa Neema, karibu neno kwa neno, mpaka nashangaa mafundi hawa walisomea wapi.

Nilimwambia Bi Sharifa kwamba sipendi. Akasema, "Maganga, nyumba ina dari kubwa, mvuke utapotea." Mimi mwajiriwa, yeye mwenye mali. Tukaanza kukausha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Upande wa pili wa chumba cha mashine, chini ya dari hiyohiyo, kilikuwa chumba cha mama yake, Bibi Zuwena. Alikuwa mtu mzima sana, mwembamba, ulimi mkali, macho ya kucheka. Kila mchana baada ya sala ya adhuhuri alikuwa akijilaza kidogo, usingizi wenyewe wanauita kailula, na kabla hajalala nilikuwa nikimpelekea shuka yenye joto kutoka mashineni. Aliipenda. Aliiweka kifuani akafumba macho hata kabla sijatoka.

Wiki ile ya mvua kubwa nikamkuta ameamka, amekaa kitandani, ametulia kupita kawaida yake.

"Maganga, leo wamepita wengi."

"Akina nani, bibi?"

"Wapagazi. Wametokea upande wa Ujiji, wamejaza ua wote, na kengele zao. Nassor alikuwa nyuma yao, kavaa kanzu ya kijivu."

"Mzee Nassor? Marehemu?"

"Mimi nina Nassor mwingine yupi?"

Mzee Nassor alikuwa mumewe. Alikuwa akienda Kigoma kwa treni kuchukua dagaa na mawese, na safari moja hakurudi, aliugua akazikwa hukohuko. Hayo tuliyajua sote. Lililokuwa ndani Bibi Zuwena alinieleza mwenyewe, mvua inapiga bati, sauti yake ya chini. Waliachana wamenuniana. Jambo dogo tu, hata hakulikumbuka vizuri, chumvi au mgeni. Yeye alikataa kumpa mkono mlangoni, naye mume akaondoka bila kuaga. Tangu hapo alikuwa akisubiri neno. "Kakaa hapa miguuni pangu," akasema. "Hasemi. Ananitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Kesho atasema."

Kesho yake akaja tena. Na keshokutwa. Kila mvua ilipoanza na mashine kuwashwa, Bibi Zuwena alilala usingizi mzito na Nassor akaja, kila mara karibu zaidi. Mara kaweka mkono juu ya shuka. Mara kavuta pumzi ya kuzungumza. Bibi akawa hali vizuri, kichwa kinamgonga, analalamika kichefuchefu, lakini uso wake ulinawiri, mashavu yamepata wekundu. Mimi nilikuwa nikimsikiliza nimesahau kazi. Wakati ule na mimi nilikuwa nimefiwa na mke karibuni. Nilimwonea wivu, nasema wazi. Kuna mchana mmoja nilikaa kwenye kigoda chake mpaka kichwa kikawa kizito na kitamu, na mimi nikaanza kusikia kengele kwa mbali, na sikutaka kunyanyuka.

Bi Sharifa aliogopa. Alisema mama yake anajiwa na walio mbele ya haki, au na wasio watu. Akamwita mwalimu akasoma dua, jambo jema, dua haina ubaya. Kisha wakafukiza ubani. Na ubani kwa desturi hufukizwa mlango umefungwa na madirisha yamefungwa, ili moshi uenee usitoke. Wakaziba hata ule upenyo wa chini ya mlango kwa kanga. Makaa yanawaka kwenye chetezo, mvuke wa mashine unashuka kutoka darini, na bibi yumo katikati, anatabasamu.

Aliyeona ni Mama Kulwa, mwenzangu wa kazi, Mnyamwezi wa Puge, mtu wa maneno machache. Tulikuwa tunakunja mataulo. Akasema bila kuinua uso, "Jana umeme ulikatika, mashine ikalala. Bibi hakuwa na wageni." Akaendelea, "Na ile siku ya jua tuliyoanika nje. Hakuwa na wageni." Kisha akanionyesha dari kwa kidevu. Ubao ulikuwa na madoa ya maji kama ramani, na pembeni vumbi la kijivu limening'inia. Tena nguo zilikuwa zinachukua muda mara mbili kukauka, nami nilikuwa nimelaumu sabuni, nikalaumu mvua, nikawalaumu wageni wenyewe kwa kuoga sana.

Tuliacha mataulo chini. Tukafungua mlango wa bibi, moshi wa ubani ukatupiga, na yeye amelala chali, mdomo wazi kidogo, hasikii tukimwita. Mama Kulwa alimkamata mabegani, mimi miguuni, tukamtoa na godoro lake mpaka barazani, kwenye upepo wa mvua. Nilipiga kelele mashine izimwe. Nilidhani amekufa, nikalia mbele ya wageni bila aibu. Halafu akakohoa, akatapika, akafumbua macho. Alinitazama kwa hasira ambayo sijaiona tena kwa mtu.

"Mbona umenitoa? Alikuwa anafungua kinywa."

Hospitali daktari alimwekea hewa safi ya mtungi, akamwuliza Bi Sharifa nyumbani mnachoma nini ndani. Akamwambia ubani. Daktari akauliza kuna kingine chochote kinachoungua karibu na chumba hicho. Hapo nikataja mashine na bomba lake. Akatueleza taratibu: gesi au mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, inaitwa kaboni monoksaidi. Humlaza mtu, huumiza kichwa, humwonyesha na kumsikilizisha vitu visivyokuwepo, mwisho humuua. "Angebaki pale kidogo tu, msingemwamsha," akasema.

Tukarudi nyumbani, Bi Sharifa akiwa mbele. Akaenda moja kwa moja chumba cha mashine, akasimama mbele ya ukuta wa nyuma, akaweka kiganja juu yake. "Ukuta ni wa babu," akasema. "Mama ni wangu." Akachukua nyundo na patasi akapiga yeye wa kwanza. Udongo ukamwanguka miguuni, wa manjano, mkavu, haujaona mwanga tangu siku za misafara. Alilia akipiga, nami nikampokea nyundo.

Haya, Neema, chukua kalamu.

Njia zilikuwa tatu. Ya dirishani ilikuwa rahisi, lakini dirisha lile lilikuwa jirani na la bibi, na huwezi kumfukuzia nyoka kwa jirani yako ukasema umemuua. Ya kupanda mpaka juu ya paa ilikuwa ndefu, ina kona nyingi. Kila kona inaichosha hewa kana kwamba umeongeza bomba, na hewa ikichoka inatupa vumbi lake njiani, vumbi likijikusanya linangoja cheche. Ya tatu, moja kwa moja ukutani nyuma ya mashine, fupi, imenyooka, inatokea uani kwenye kamba za kuanikia. Tukachagua hiyo. Ukiweza, chagua hiyo siku zote.

Bomba liwe la bati gumu, laini ndani. Lile la plastiki la kujikunja tupa, linayeyuka, na mikunjo yake ni vitanda vya vumbi. Unapounga, mdomo wa bomba la nyuma uingie ndani ya lile la mbele, kwa kufuata hewa inakoelekea, na uzibe kwa utepe wa bati. Usikaze kwa skrubu zinazochomoza ndani, zitashika vumbi. Mdomo wa nje uweke kifuniko chepesi kinachofunguka hewa ikitoka na kufunga ikikoma, kuzuia mvua na panya. Usiweke wavu. Najua mtaweka wavu kwa ajili ya ndege, na wavu utaziba kabla mwezi haujaisha. Na usiunganishe bomba hilo na la jiko wala la bafuni. Hewa inayotoka lazima nyingine iingie, kwa hiyo acha tundu la hewa safi kwenye chumba cha mashine, usijifungie humo kama uko kwenye handaki. Kila mara nenda nje uweke mkono: upepo uwe wa nguvu, wa joto. Ukiwa dhaifu, au nguo zikichelewa kukauka, zima, fungua, safisha, wala usiilaumu mvua kama nilivyofanya mimi. Siku hizi kuna mashine za umeme zinazokusanya maji kwenye chombo, hazihitaji bomba. Kama mfuko unaruhusu, ni nzuri kwa vyumba vya kupanga.

Tena wewe ni mtoto wa Urambo. Baba yako anakausha tumbaku. Muulize kama anaweza kulaza mtoto ndani ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, moto ukiwa umewashwa. Atakukimbiza na fimbo. Sasa kwa nini mashine nyeupe yenye taa za rangi ikutoe akili ambayo nyumbani mnayo tangu zamani?

Ningeweza kuishia hapo, kazi ilifanyika vizuri. Shuka zilikauka upesi, dari ikakauka, mvuke ukawa unatoka uani mweupe, unapita katikati ya kamba na kupotea. Bibi Zuwena akapata hamu ya kula. Wekundu wa mashavu ukaondoka. Na wageni wake hawakuja tena.

Alisubiri masika mengine yaanze. Nilipompelekea shuka ya mchana akanishika mkono. "Maganga, lirudishe lile bomba. Mchana mmoja tu. Nikishasikia neno langu, litoe."

"Siwezi, bibi."

"Wewe nawe una mtu wako huko. Ungekuwa wewe?"

Nikatoka nikaenda kusimama uani kwenye mdomo wa bomba, joto linanipiga kifuani, mpaka Mama Kulwa akaniita. Bibi hakusema nami siku nyingi. Nikiweka shuka aligeukia ukutani. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nampenda kama mama, na kwa sababu sikuwa na hakika kwamba hakuwa na haki.

Kisha siku moja, mvua imekatika, jua limetoka ghafla uani, nikamkuta amekaa barazani. Akaniambia nikae. Alikuwa ametulia, si kama zile siku za usingizi, ametulia macho yakiwa wazi.

"Nimefikiri," akasema. "Nimelijua lile neno."

"Ni lipi, bibi?"

"Alikuwa anataka kuniambia, twende."

Shuka zilikuwa zinacheza kwenye kamba mbele yetu.

"Ungekwenda?" nikamuuliza.

"Ningekwenda, Maganga. Tena bila kuvaa viatu."